Sikio la Wifi

Jikoni pale hotelini hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Foleni, na jina lilimkaa sawasawa. Ukimletea jambo, lipange mstarini. Ukimletea mawili, la pili lingoje. Ukimletea matatu kwa mpigo, utamwona anafumba macho, anakunja kidole gumba cha mkono wa kushoto ndani ya ngumi, anaanza kunong'ona peke yake kama mtu anayehesabu kuku wake gizani.

Hakuwa mjinga, tusije tukakosana mapema. Alikuwa mshika dirisha, na dirisha la jikoni si mahali pa kumweka mjinga. Ni lile tundu kubwa la ukutani lenye bati chini yake: upande huu wapishi na moto wao, upande ule wahudumu na haraka zao. Mhudumu analeta karatasi yenye mahitaji ya meza. Mshika dirisha anaisoma kwa sauti, anawagawia wapishi kazi, kisha anahakikisha vyakula vya meza moja vinatoka pamoja na vyote ni vya moto, ili baba asimalize kula huku mama bado anautazama uma. Foleni alikuwa amefunga kamba juu ya dirisha na kuijaza vibanio vya nguo. Kila karatasi ilibanwa kwa zamu yake, na meza haikutoka kambani mpaka sahani yake ya mwisho ipite. Wateja walisubiri, wengine walinuna, lakini sahani ya Foleni ilikuwa hairudi. Hakuna aliyewahi kuletewa samaki wa jirani.

Sharti lake lilikuwa moja: kimya. Foleni akiwa dirishani hapakuwa na hadithi wala kicheko. Sufuria ziligongana, feni za moshi zilinguruma, mafuta yalichachatika, ila midomo ya watu ilifungwa. Sauti pekee ya binadamu ilikuwa yake, kwa maana Foleni hakuweza kuwaza bila kunong'ona. "Meza ya nne, mayai mawili, supu moja, supu bado, supu bado…" Alichokitamka alikuwa nacho, asichokitamka kilimponyoka. Mwenyewe aliamini kwamba feni zilimeza kila neno, na kwamba wapishi waliona mdomo unacheza tu.

Balaa aliileta kwa mkono wake mwenyewe. Alikuwa na mdogo wake wa kiume, fundi friji, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Alimfulia, akamsomesha, na siku ya harusi ndiye aliyemfunga kamba za viatu. Mdogo mtu akaoa, akapata binti, binti akaanza shule, na maisha yakabana. "Dada," akasema, "mwombee wifi yako nafasi hapo kwako." Foleni akaomba. Wifi akapewa kisu, ndoo na meza ya mboga, kule nyuma ya jiko la supu.

Mwanzoni hapakuwa na neno. Wifi alikuwa mwepesi wa mkono, mwenye adabu, anayemsalimia hadi muosha vyombo. Kisha Foleni akaumwa jino, shavu likafura, akaenda kung'olewa. Aliporudi kesho yake alitegemea kukuta jikoni kumeharibika bila yeye. Akakuta watu wamechangamka.

"Wifi yako alishika dirisha," muosha vyombo akamwambia. "Dada, tulimaliza mapema! Na tulicheka, tulicheka mpaka mpishi wa nyama akalia."

Kumaliza mapema angekusamehe. Kucheka ndiko kulikomchoma.

Mpishi Mkuu, mtu mnene asiyependa maneno, akaamua dirisha lishikwe kwa zamu, leo huyu kesho yule. Hapo ndipo Foleni alipojionea. Wifi hakutaka kamba wala kibanio. Alipokea karatasi, akaitupia jicho, akailaza juu ya bati, na hakuitazama tena. "Nyama ya meza ya tano igeuze, usiitoe. Supu ngoja mayai. Kaka, hiyo ina kitunguu na mwenyewe kasema hataki." Katikati ya hayo anapokea simu ya ukutani, anakata nyanya, na anamalizia kumshauri muosha vyombo kuhusu mwenye nyumba wake mkorofi. Vyakula vya meza moja vilitoka kwa pamoja, vinafuka moshi.

Foleni aliona wivu. Tusiutafutie jina la heshima. Haikuwa huzuni, haikuwa kujali kazi, ulikuwa wivu mtupu, ule wa kumharibia mtu usingizi na kumfanya chai isipite kooni. Angekuwa mgeni aliyetoka mbali na vyeti vyake, pengine angevumilia. Lakini wifi! Mtu aliyemwombea kazi yeye, kwa mdomo wake!

Akajaribu kujifunza kwa siri. Nyumbani kwake aliwasha redio, akabandika maziwa, akampigia simu shoga yake, akaanza na kupiga pasi. Maziwa yalimwagika yakazima jiko, sketi ikaungua, na shoga yake akanuna kwa sababu alikuwa anaeleza habari ya msiba na Foleni akamjibu "hongera". Alikaa chini katikati ya ile harufu akalia kwa hasira. Wengine wameumbwa na vichwa vyenye vyumba vingi, yeye kapewa chumba kimoja na mlango mmoja.

Hata Jumapili alipokwenda kwa mdogo wake hakupata nafuu. Zamani, mdogo wake alikuwa akimweleza yeye kila kitu. Sasa Foleni anaanza habari sebuleni, na wifi, aliye jikoni anapika huku anamsahihishia mtoto hesabu, anaimalizia kutoka huko huko. Mdogo wake anacheka, anamtazama mkewe, na Foleni anabaki na sentensi yake mdomoni.

Halafu kulikuwa na ule wimbo. Wifi alipokuwa kazini aliimba kwa kufumba mdomo, mmm-mmm isiyokuwa na mwanzo wala mwisho, awe dirishani au kwenye mboga. Siku za mwanzo hakuwa nao. Ulianza baadaye, ukazidi kadiri siku zilivyokwenda. Foleni ulimkera kuliko jino. Ndiye aliyembandika jina la Kinanda, na jikoni wakalipokea kwa shangwe. Mdogo wake alipolisikia alishangaa.

"Kinanda? Huyu? Mbona nyumbani haimbi kabisa. Hata mtoto namlaza mimi kwa nyimbo."

Foleni akajibu moyoni: basi anamwekea nani wimbo wake kama si mimi.

Akapata dawa yake. Akiwa kazini alinong'ona, na katikati ya minong'ono ya meza na supu aliingiza mambo ya wifi. "Meza ya pili, samaki bado, Kinanda kimeanza, samaki bado. Mwizi wa dirisha. Meza ya sita, mkate. Mdogo wangu angeoa redio angepata hasara ndogo. Aliokotwa huyu, aliokotwa, hana hata kwao." Alijisikia vizuri kila aliposema, kama mtu aliyefungua kibwebwe baada ya kula. Feni zilinguruma, na wifi kule nyuma ya jiko la supu aliimba mmm-mmm yake.

Ndipo ikaja habari ya ukumbi wa juu. Hoteli ilikuwa imejenga ukumbi mwingine, na dirisha lile lile lingelisha kumbi mbili. Mpishi Mkuu akawaita wote wawili mbele ya jokofu.

"Dirisha nataka mtu mmoja," akasema. "Mwingine ataenda stoo ya vitambaa. Nitampa kila mmoja chakula cha mchana chenye watu wengi. Nitasimama, nitatazama. Basi."

Stoo ya vitambaa ilikuwa chini ya ngazi. Haina moto, haina harufu, haina mtu wa kukuambia "tayari". Ni vitambaa vya meza na vya mikono, kukunja na kukunjua. Foleni alikuwa ameshaona mwanamke aliyewahi kupelekwa huko: alizeeka akiwa amesimama. Kwake dirisha halikuwa kazi tu. Ndipo mahali pekee duniani ambapo watu walisubiri neno lake.

Wifi akatangulia. Siku hiyo Mpishi Mkuu alisimama karibu naye kabisa, mikono nyuma, na wifi hakuimba. Foleni alikuwa kwenye meza ya mboga, kisu kinakwenda, mdomo unakwenda. Mambo yalitoka kwa kasi ya ajabu, mpaka katikati ya mlo ambapo sahani moja ikarudi: mtu aliagiza kuku akaletewa nyama. Moja tu. Wifi aliomba radhi, akarekebisha, akaendelea. Foleni aliinama juu ya karoti ili watu wasione anavyochekelea.

Siku yake ikafika. Ukumbi ulifurika wageni wa kampuni fulani, na katikati yao meza ya watu wanane wenye madeko: huyu hali chumvi, yule hataki mchuzi ugusane na wali, huyu samaki wake abanikwe bila mafuta. Kamba ilijaa vibanio. Jikoni kukawa kimya. Foleni alinong'ona, akasoma, akabana, akabandua, jasho linamtiririka mgongoni, na Mpishi Mkuu amesimama kando na mikono yake nyuma.

Simu ya ukutani ikalia. Wafanyakazi waliacha simu zao kwenye makabati ya nje, kwa hiyo mwenye shida alipiga hiyo, na aliyeipokea ni mshika dirisha.

"Dada, ni mimi." Ilikuwa sauti ya mdogo wake, anahema. "Mtoto kaanguka shuleni, mkono umevunjika. Tuko hospitali. Wanataka kumchoma sindano, wanauliza ile dawa inayomvimbisha uso inaitwaje. Jina limenitoka, dada, limenitoka kabisa! Mwambie mama yake anipigie sasa hivi."

Foleni akarudia kama kawaida yake. "Mtoto kaanguka. Mkono. Hospitali. Jina la dawa inayomvimbisha. Haya, nimeshika."

Akakunja kidole gumba ndani ya ngumi, akarudisha simu ukutani, akageukia meza ya mboga. Mdomo ulikuwa umeshafunguka.

"Dada, pokea, inaunguza!" Mpishi wa nyama alikuwa anamsukumia sahani pana ya meza ya watu wanane. Foleni akanyoosha mikono yote miwili akaipokea. Samaki asiye na mafuta hakuwemo. "Wanane, samaki bado," akanong'ona. "Samaki bado, mchuzi kando, wanane, samaki bado…" Na foleni ikaendelea.

Iliendelea mpaka kibanio cha mwisho kikabaki kitupu kambani. Mpishi Mkuu akaweka kiganja chake kinene juu ya bati.

"Hakuna kilichorudi," akasema. "Dirisha ni lako."

Raha aliyoisikia Foleni isikie kwa mwenzako. Ilimpanda kutoka miguuni. Na kitu cha kwanza alichokitaka, kabla ya maji, kabla ya kukaa, kilikuwa kuuona uso wa wifi yake ukianguka. Akageuka. Kwenye meza ya mboga alikuwa muosha vyombo, anakata matango vipande vinene kama kuni.

"Kinanda yuko wapi?"

"Ameondoka zamani! Alivua aproni akatoka mbio. Kapita mgongoni kwako, dada, hukumwona?"

Foleni akautazama mkono wake wa kushoto. Ulikuwa wazi.

Alikwenda hospitali na aproni yake na harufu ya samaki. Kwenye korido alimkuta mdogo wake amesimama nje ya mlango. Hakumsalimia. Alimtazama kwa macho ambayo Foleni hakuwahi kuyaona usoni mwa mtoto aliyemfunga kamba za viatu.

"Dada, nilikuomba kitu kimoja," akasema. "Kimoja tu." Akaingia ndani, akaufunga mlango taratibu.

Wifi alikuwa ameketi kwenye benchi, begi la shule mapajani.

"Mtoto mzima," akasema kabla hajaulizwa. "Wamemfunga plasta. Sindano walimchoma nyingine, nilipiga simu nikawahi kuwaambia."

"Wifi, nilisahau. Haki ya Mungu, nilisahau."

"Nilikuona. Ulikunja kidole, ukageuka unitazame. Halafu akakupa ile sahani, ukafungua mkono. Nikajua basi, imemtoka."

"Kumbe ulishasikia!"

"Unarudia kwa sauti, wifi. Nilisikia. Nilisubiri uniambie, ulipogeukia samaki nikaenda nje kupiga simu."

"Si ungenigusa bega! Ungenikumbusha!"

"Ungeshtuka, meza ya watu wanane ingekuharibikia. Halafu ungesema nimefanya makusudi kwa sababu ni siku yako." Wifi akafunga zipu ya begi, akaifungua tena. "Mume wangu anasema wewe ndiye uliyefanya makusudi. Nimemwambia hapana, mkono ulifunguka wenyewe, nimeona kwa macho. Kama moyo ulitaka ufunguke, hilo sijui. Masikio yangu hayafiki huko."

Na Foleni mwenyewe hakujua. Alijichungulia ndani kutafuta ule wakati kati ya simu na sahani, akakuta samaki bado, samaki bado. Kisha wazo lingine likaingia, polepole, kwa zamu yake.

"Kutoka nyuma ya jiko la supu," akasema. "Na feni zote zile. Ulinisikiaje?"

"Nasikia tu. Sina pa kuyazimia masikio. Wewe ukitaka kitu kimoja, vingine vinanyamaza. Mimi vyote vinasema."

"Vyote?"

"Vyote."

Nesi alipita na toroli, magurudumu yanalia. Foleni alitamani lisiishe kupita.

"Mdogo wangu angeoa redio angepata hasara ndogo," wifi akasema. Hakuwa na hasira. Alisema kwa sauti ile ile ya kusomea karatasi za meza. "Mwizi wa dirisha. Aliokotwa, hana hata kwao. Hiyo ya kuokotwa ndiyo unayoipenda."

Foleni alitamani ardhi ipasuke immeze. Ilikuwa sakafu ya vigae, haikupasuka.

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Wewe ndiye uliyenitafutia kazi. Nikaanza kuimba. Nikijiimbia kichwani, wewe unasikika kwa mbali kidogo." Wifi akanyanyuka, akavaa begi la mtoto begani. "Siku ile ya zamu yangu mkuu alisimama karibu, nikaona aibu kuimba. Nikakusikia vizuri. Ndipo nikachanganya kuku na nyama."

Akaingia kwa mwanawe.

Jumatatu Foleni alimwendea Mpishi Mkuu akaanza kumweleza. Mpishi Mkuu alikuwa anaonja supu. Akamwambia mambo ya mawifi wayamalize nyumbani, ukumbi wa juu unafunguliwa wiki hiyo, na dirisha limeshapata mtu. Wifi angeshuka stoo siku ya ufunguzi. Kwa sasa akate mboga.

Basi Foleni akasimama mahali pake, na wifi akasimama nyuma ya jiko la supu, na hakuimba. Karatasi ya kwanza ikaja. Foleni aliisoma kwa sauti, akaibana, akajiangalia mdomo kama mtu anayebeba ndoo iliyojaa. Meza ya kwanza, mayai, mkate. Basi, hayo tu. Wivu ulikuwepo bado, usidhani ulikwisha hospitali. Ulikuwa umekaa palepale, na sasa ulikuwa umepata jambo jipya la kuuma, kwamba hata dirisha lenyewe alikuwa amelipata kwa kosa la mwenzake, na kosa la mwenzake lilitoka mdomoni mwake yeye. Lakini aliubana kwa meno. Meza ya tatu, supu. Meza ya tano, kuku. Jikoni kulikuwa kimya vile alivyopenda siku zote.

Watu wakaongezeka, kamba ikajaa, sahani zikaanza kupishana. Meza ya saba, samaki bado. Meza ya tisa, mkate, samaki bado. Alikuwa katikati ya kubandua kibanio alipousikia, mdogo, kutoka nyuma ya jiko la supu.

Mmm-mmm.

Foleni akasimama na karatasi mkononi, mhudumu anamwita, sahani zinapoa juu ya bati, akijaribu kukumbuka amesema nini.